Tumpe kijana kompyuta ya kujaribia, lakini kwa masharti haya

Leo naweka pembeni mbegu, mbolea na viwavijeshi. Nataka tuongee kuhusu kompyuta: ile ya ofisi ya AMCOS, na hizi zilizoanza kuonekana kwenye steshenari na maduka ya pembejeo huku kwetu. Nimeombwa maoni, nami nayatoa hadharani ili mwenye hoja tofauti ajibu.

Jambo lenyewe ni hili. Kijana mmoja wa kata yetu, aliyejifunza kuandika programu mwenyewe baada ya kutoka VETA, anataka kutengeneza zana yenye madirisha na vitufe ya kubadilishia mafaili ya mipangilio ya mfumo endeshi. Yaani karani wa kawaida aweze kurekebisha kompyuta yake bila kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Ameomba bodi ya ushirika impe kompyuta moja ya zamani ya kujaribia na hela ya bando ya miezi 3. Wajumbe wengine wanaona ni mchezo wa watoto. Fundi wanayemtegemea kutoka mjini naye amesema kitu cha namna hiyo hakihitajiki, anayetaka kubadilisha mipangilio ajifunze amri.

Mimi nasema kijana apewe. Ila apewe kwa masharti, kwa sababu zana ya namna hii ikitengenezwa vibaya ni afadhali isiwepo kabisa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kompyuta nyingi za ofisi zetu ni za mtumba na zinatumia Linux, kwa kuwa haina gharama ya leseni na inakubali mashine zilizochoka. Ndani ya Linux kuna folda inaitwa /etc. Humo mna mafaili ya maandishi ya kawaida, na ndiyo kompyuta inayasoma inapowaka ili ijue ifanye nini: ifungue diski zipi, itumie mtandao upi, inaitwa jina gani, nani ana ruhusa ya kufanya nini. Ukilifungua faili mojawapo utaona mistari tu, kama daftari. Tofauti yake na daftari ni kwamba msomaji wake hana huruma. Ukimwachia kibarua karatasi umeandika "panda mahidi kwa mitsari", atacheka kisha atapanda kwa mistari. Kompyuta ikikuta neno silo, ama inaruka, ama inagoma.

Na ikigoma, hasara yake ni ya kweli. Msimu uliopita wa ufuta, AMCOS moja ninayoihudumia ilikaa siku 2 bila kompyuta. Havikuwa virusi, na mashine haikuharibika. Ulikuwa mstari mmoja. Ofisi ilikuwa imenunua diski ya nje ya kutunzia nakala za hesabu. Aliyekuja kuifunga aliongeza mstari kwenye faili linaloitwa /etc/fstab, ambalo ndilo orodha ya diski za kufunguliwa kompyuta inapowaka. Kila diski ina mstari wake wenye sehemu 6: jina la diski, folda itakapoonekana, aina ya mpangilio wa data, masharti, na tarakimu 2 za mwisho. Aliandika hivi:

/dev/sdb1 /akiba ext4 defaults 0 2

Mstari huo hauna kosa la herufi hata moja. Ulifanya kazi wiki kadhaa. Karani naye akawa anafanya jambo la busara kabisa: kila jioni anaichomoa diski na kuondoka nayo, ili ofisi ikivunjwa au ikiungua, hesabu za wakulima zibaki salama. Kompyuta yenyewe ilikuwa haizimwi. Usiku mmoja umeme ukakatika muda mrefu. Asubuhi karani akaiwasha, diski ikiwa bado kwenye mkoba. Linux ikaisubiri ile diski sekunde 90, kama ilivyo desturi yake, ilipoona haitokei ikakataa kuendelea. Skrini nyeusi, maandishi meupe ya Kiingereza, yanasema mashine imeingia hali ya dharura.

Angechomeka diski na kuwasha upya, ingewaka. Lakini angejuaje? Alipoona mashine imeharibika (ndivyo alivyoamini), kitu cha kwanza alichofanya ni kuiweka diski mbali nayo, asije akapoteza na hesabu. Mimi ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Nje magunia yalikuwa yamepangwa tangu saa 12 asubuhi. Uzito ukaandikwa kwenye kaunta buku, na mlioshuhudia mnajua mabishano yaliyofuata siku ya kuhamishia namba kwenye kompyuta: huyu anasema 84, daftari linasomeka 34. Fundi alifika kesho yake, akalipwa nauli na ufundi, akamaliza kwa dakika 5. Aliongeza neno moja mbele ya defaults, ikasomeka defaults,nofail. Maana ya neno hilo ni kwamba diski isipokuwepo, kompyuta iendelee tu kuwaka.

Neno moja! Lisilojulikana na mtu yeyote ndani ya kilomita 40.

Sasa sikia hili. Ubuntu inakuja na programu inaitwa Disks, iliyotengenezwa na watu wa GNOME. Ina dirisha la kuweka masharti ya diski kujifungua. Ukilitumia, lenyewe linakujazia neno nofail kabla hujaandika chochote. Pia linakuruhusu kuitambua diski kwa UUID, yaani namba yake ya kudumu, badala ya jina kama sdb1 ambalo leo ni la diski na kesho, ukitangulia kuchomeka flashi, likawa la flashi. Mtu aliyetengeneza dirisha lile alikuwa amekwisha kuona kompyuta zikigoma, akauweka ujuzi wake ndani ya kisanduku. Karani ambaye hajui nofail ni nini angeupata ujuzi huo bure.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema zana za vitufe ni za wavivu. Kamba ya kupandia yenye alama kila sentimita 30 ni ya wavivu? Anayeitumia hapimi kila shimo, lakini shamba lake linatoka sawasawa kuliko la anayekisia kwa hatua za miguu. Na siku akitaka kujua kwa nini 30, anauliza, anaambiwa. Kamba haimzuii kuelewa.

Hapo mtaniuliza: kama Disks ipo, kijana anatengeneza nini tena? Swali zuri, na nimemuuliza. Kwanza, Disks inashughulika na diski. Jina la kompyuta kwenye mtandao wa ofisi, saa, anwani ya printa, hizo ziko kwenye mafaili mengine na madirisha mengine, kila moja na tabia yake. Pili, hata hilo dirisha lake la masharti linakuonyesha nofail kama ilivyo, neno la kifundi katikati ya maneno ya kifundi, huna habari lina kazi gani, unaweza kulifuta ukidhani unasafisha. Kazi ya kijana ni kuandika palepale, kwa Kiswahili: "Diski hii isipochomekwa, kompyuta iwake hivyohivyo", na kisanduku cha kuweka tiki.

Hapa kwenye Kiswahili naomba nikae kidogo. Nimeona programu zilizotafsiriwa ambazo msomaji anarudi kwenye Kiingereza kwa hiari yake, kwa sababu maneno yaliyowekwa hayasemwi na mtu yeyote dukani wala ofisini. Mwandishi wa programu akiandika "pachika kifaa cha hifadhi", karani atatafuta gundi. Nimemshauri kijana akae na makarani 3 tofauti, awaonyeshe kila dirisha kwenye karatasi kabla ya kuandika programu, awaulize: hapa unaelewa nini? Wanachosema ndicho kiandikwe. Wakisema "fungua diski", iwe fungua. Sisi wa ugani tunalijua hili. Neno "kiuatilifu" liko kwenye mabango yetu miaka yote, mkulima anaingia dukani anaomba "dawa".

Sasa masharti yangu.

La kwanza nalitoa kwenye mizani. Hakuna mkulima anayekubali karani asome uzito upande wa pili kisha amtangazie. Anataka aone namba kwa macho yake. Zana ya kijana iwe hivyo. Kabla haijaandika chochote kwenye faili, ionyeshe mstari ulivyokuwa na utakavyokuwa, mmoja juu ya mwingine, na maelezo ya Kiswahili pembeni. Karani akikubali, ndipo iandike. Zana inayoficha mstari inamfanya karani awe mtumwa wa zana, na siku zana haipo anarudi kuwa yule wa asubuhi ya mizani. Zana inayoonyesha mstari inamfundisha bila darasa. Baada ya miezi 6 atakuwa anaujua fstab kwa sura.

Sharti la pili: isiharibu isichokielewa. Mafundi wazuri huacha maelezo ndani ya mafaili, mistari inayoanza na alama ya #, ambayo kompyuta haiisomi bali mtu anaisoma. Mfano "# diski ya akiba, usifute mstari huu". Zana nyingi mbaya hulisoma faili, zikachukua zinachokijua, kisha zikaliandika upya kuanzia mwanzo, na maelezo yote ya fundi yakapotea. Ni sawa na kumtuma mtu akapalilie, anarudi amelima na miche. Kijana hana haja ya kuanza mwenyewe hapa. Kuna maktaba ya programu inaitwa Augeas, ya bure, iliyotengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Inalisoma faili la mipangilio, inaligawa vipande kama matawi, inakuruhusu kubadilisha tawi moja, halafu inarudisha faili huku maelezo na nafasi vikibaki mahali pake. Fstab inaifahamu tayari, na mafaili mengine mengi ya /etc pia. Nimemwambia asione aibu kutumia kazi ya wenzake. Hata sisi hatutengenezi mbegu, tunapanda.

Pamoja na hilo, yako mafaili ambayo hata zana nzuri haitakiwi kuyagusa. Kwenye Ubuntu za siku hizi, fungua /etc/resolv.conf utakuta imeandikwa juu kabisa kwamba linasimamiwa na programu nyingine na usilihariri. Ukibadilisha humo, programu hiyo inaweza kuja kuandika juu yako, na wewe utakaa unajiuliza mbona jana nilirekebisha. Zana ikikutana na faili kama hilo iseme wazi: hili si langu, nenda mahali fulani.

La tatu ni la umeme wetu, na hapa sitaki mzaha. Zana ikianza kuandika faili la zamani juu kwa juu, umeme ukakatika katikati, unabaki na nusu faili. Nusu ya fstab ni mbaya kuliko fstab yenye kosa. Njia salama inajulikana na mafundi wa Linux miaka mingi: andika faili jipya pembeni, hakikisha limefika kwenye diski kweli, kisha libadilishe jina likae mahali pa lile la zamani. Kubadilisha jina kunafanyika kwa mara moja, hakuna nusu. Umeme ukikatika kabla, unalo la zamani zima. Ukikatika baada, unalo jipya zima. Mtengenezaji wa zana aliye kwenye nchi yenye umeme wa uhakika anaweza kulisahau hili asidhurike. Wa kwetu akilisahau, atatuletea siku nyingine ya kaunta buku.

Kukagua kabla ya kuhifadhi ni jambo la lazima, na halina ugumu. Linux yenyewe ina amri ya findmnt --verify inayoikagua fstab na kutaja palipo na shida. Kwa faili la ruhusa za usimamizi, sudoers, kuna visudo, ambayo ukikosea sarufi ya faili inakataa kwanza na kukuuliza unataka kurekebisha au kuacha. Kijana aziite hizo nyuma ya kitufe chake, basi. Ila karani ajue kwamba ukaguzi wa sarufi haukamati kila kitu. Ule mstari wa defaults ulikuwa na sarufi safi, na siku ulipoandikwa, diski ikiwa imechomekwa, ungepita ukaguzi bila tatizo. Kilichokosekana ni busara, na busara inaingia kwenye zana pale mtengenezaji anapoiandika: diski ya nje bila nofail, toa onyo.

Kuna jambo zuri ambalo wengi mmelishaliona bila kulitilia maanani. Ukibadilisha ukubwa wa picha ya skrini kwenye Windows, inakuuliza kama unataka kubaki na mabadiliko, na usipojibu ndani ya sekunde 15 inarudisha ya zamani. Sababu yake ni kwamba mabadiliko yenyewe yanaweza kukuzimia skrini, usione hata kitufe cha kurudi. Kwa hiyo ukimya unahesabiwa kuwa hapana. Kwenye Ubuntu upande wa mtandao ipo amri ya netplan try yenye mawazo hayohayo, inakupa sekunde 120. Popote inapowezekana, zana ya kijana ifuate njia hiyo. Mtandao ukibadilishwa na ofisi ikapotea hewani, urudi wenyewe.

Kinyume chake ni Registry ya Windows. Zamani Windows nayo ilitunza mipangilio mingi kwenye mafaili ya maandishi, kama WIN.INI na SYSTEM.INI. Kuanzia Windows 95 mingi ikahamishiwa kwenye ghala moja kubwa ambalo hulifungui kwa programu ya kuandikia ya kawaida. Likapewa zana yake yenye dirisha, Regedit. Dirisha lipo, matawi yapo, unabofya vizuri tu. Lakini ukibadilisha kitu kinaingia palepale, hakuna kitufe cha kutengua, na majina mengi humo hayakuambii kazi yake. Microsoft wenyewe wanawashauri watu watunze nakala kabla ya kugusa. Hiyo ni zana ya madirisha, ndiyo, na bado karani wetu hafai kuachwa nayo peke yake. Dirisha pekee halimsaidii mtu.

Nije kwenye hoja ya fundi wa mjini, maana si mtu wa kupuuzwa. Anasema faili la maandishi unaweza kulisomewa kwenye simu, unaweza kutumiwa mstari kwa SMS ukaunakili, lakini "bofya pale juu kulia, hapana si hapo" inamaliza salio. Ni kweli. Anasema tena, na hii ndiyo hoja yake kubwa, kwamba siku kompyuta imegoma kuwaka, hiyo zana yenye madirisha haifunguki. Uko kwenye skrini nyeusi tu. Ni kweli kabisa.

Lakini jibu lake lisiwe kuacha kutengeneza. Zana iache mlango wa nyuma. Kila inapobadilisha faili, itunze la zamani palepale pembeni kwa jina lisilosumbua, tuseme /etc/fstab.zamani. Na siku ya kwanza inapofunguliwa, imlazimishe karani kuchapisha au kuandika kwenye daftari maelekezo ya skrini nyeusi, ambayo ni mistari 3 tu:

mount -o remount,rw /
cp /etc/fstab.zamani /etc/fstab
reboot

Wa kwanza unairuhusu diski ya kompyuta iandikwe, wa pili unarudisha faili la zamani, wa tatu unawasha upya. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani nyuma ya kompyuta, karibu na namba ya fundi. Kwa karatasi hiyo, mabadiliko ya jioni yakigomesha mashine asubuhi, karani anarudi alipokuwa jana bila kusubiri basi la mjini. Ile asubuhi ya ufuta peke yake isingemtosha, kwa kuwa mstari ulikuwa na wiki nyingi, lakini siku hiyo hata fundi kwenye simu alishindwa kumwelekeza, kwa kuwa hakukuwa na faili la zamani la kurudia.

Sharti la mwisho linahusu usalama, na bodi ilisikilize kuliko kijana. Mafaili ya /etc hayaandikwi na kila mtu, yanahitaji ruhusa ya msimamizi wa mashine. Njia ya mkato ni kuifungua zana nzima kwa ruhusa hiyo. Asifanye hivyo. Dirisha liwe na ruhusa za kawaida, na kipande kidogo tu kinachoandika faili ndicho kiombe neno la siri kila kinapoandika. Linux ina utaratibu wake wa hilo, unaitwa polkit.

Sisemi kwa kutisha. Kuna zana maarufu ya kusimamia Linux kwa vitufe kupitia kivinjari, inaitwa Webmin, imekuwepo tangu 1997 na imewasaidia watu wengi. Mwezi Agosti 2019 iligundulika kwamba mtu alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya vifurushi vyake vya kupakua, tangu mwaka 2018, kupitia mashine iliyokuwa ikivitengeneza vifurushi hivyo. Msimbo uliokuwa wazi kwa watu kuusoma haukuwa na tatizo, uliobadilishwa ni ule uliokuwa kwenye kifurushi. Wahusika walitoa toleo safi na wakaeleza kilichotokea. Ninachotaka mjifunze ni kwamba zana yenye uwezo wa kubadilisha kila kitu, ikiingiliwa, aliyeingia naye anabadilisha kila kitu. Kwa hiyo zana ya kijana ibaki ndani ya mashine, isifungue mlango wowote wa mtandao, na ifanye kazi kwenye mafaili machache yanayojulikana. Kijana anatamani iweze mafaili yote ya /etc. Nimemkatalia. Aanze na fstab peke yake mpaka ikamilike, kisha jina la kompyuta na mtandao. Mkulima anayejaribu mbegu mpya hapandi ekari zote 5.

Kuhusu hela, sioni ubishi. Bando la miezi 3 na kompyuta ambayo sasa hivi imekalia vumbi stoo ni kidogo kuliko nauli na ufundi tuliolipa kwa neno moja, ukiongeza muda wa watu waliosimama juani na magunia. Na zana ikiwa ya wazi, yaani msimbo wake unasomeka na yeyote, hata fundi wa mjini anaweza kuikagua. Nadhani akialikwa kuikagua badala ya kushindana nayo, atakuwa msaada mkubwa. Anayajua makosa yetu yote, ndiyo yanayomlisha.

Wakati tunasubiri, wewe mwenye kompyuta ya Linux ofisini au dukani fanya hivi. Fungua skrini ya amri, andika cat /etc/fstab, bonyeza Enter. Amri hiyo inasoma tu, haibadilishi kitu. Ukiona mstari wa diski unayoichomoa na kuichomeka, na hauna neno nofail, usiuguse. Upige picha kwa simu, umtumie fundi wako, umwambie aongeze neno hilo siku akipita, na atumie UUID badala ya sdb. Mpaka atakapofika, hakikisha diski imechomekwa kabla ya kuwasha.

Kijana nimempa jaribio moja ambalo bodi inaweza kuja kulishuhudia kwa macho: kwenye ile kompyuta ya stoo, abonyeze kitufe cha kuhifadhi kisha achomoe waya wa umeme papo hapo, mara 20, na kila mara kompyuta iwake. Kikao ni Jumatano saa 4 asubuhi ofisi ya AMCOS, na wanachama mnaruhusiwa kukaa na kusikiliza.